Mwogeleaji asiye na kaburi



Tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka na kuwaombea marehemu wetu. Tarehe 2, kama ilivyo desturi, waamini wa parokia yetu tulikwenda makaburini. Watu walikuwa wamefyeka nyasi tangu juzi yake, misalaba imepakwa chokaa, kila familia imesimama penye kaburi lake na mishumaa mkononi. Nilipita na maji ya baraka kaburi hadi kaburi. Mwishoni kabisa, karibu na uzio, nilimkuta mama mmoja amesimama peke yake mahali ambapo hapakuwa na kaburi lolote. Mshumaa wake ulikuwa chini, kwenye udongo mtupu. Kaka yake alizama ziwani miaka mingi iliyopita na mwili haukupatikana. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama inafaa kumbariki mtu asiye na kaburi, na kama sala ya namna hiyo inajua pa kwenda.

Niliunyunyizia maji ya baraka ule udongo mtupu, tukasali pamoja. Lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani. Halikuwa geni kwangu. Babu yangu, baba wa mama yangu, alichukuliwa na jeshi la Mwingereza, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili. Hakurudi. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipofagia makaburi ya ukoo alifagia pia kipande kitupu chini ya mwembe, bila kumweleza mtu sababu. Sisi watoto tulidhani ni usafi tu.

Leo basi naomba niwasimulie maisha ya mtu mwingine asiye na kaburi. Wengi wetu hatujapata kumsikia, ingawa kwao ni mtu mashuhuri sana. Mimi nilisimuliwa habari zake mara ya kwanza na padre mwenzangu kutoka Ufilipino tuliyekuwa naye masomoni. Mtu huyo anaitwa Teófilo Yldefonso.

Mtoto wa mtoni

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 huko Asia ya Kusini Mashariki. Imani Katoliki ilipandwa huko na Wahispania waliotawala kwa zaidi ya miaka 300, na hadi leo sehemu kubwa ya wananchi wake ni Wakatoliki. Mwaka 1898 Hispania ilishindwa vita na Marekani, na visiwa vile vikapita kutoka mkono wa mtawala mmoja kwenda wa mwingine, wenyeji wasiulizwe. Yldefonso alizaliwa miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji mdogo wa Piddig, jimbo la Ilocos Norte, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon.

Piddig si mji wa pwani, wala si mji wa matajiri. Ni mahali pa mashamba, vilima na mito. Watu wake wana sifa ya kutokubali kuonewa: mwaka 1807, Wahispania walipowazuia wenyeji kupika pombe yao ya miwa iitwayo basi ili serikali iiuze yenyewe, uasi ulianzia hapo hapo Piddig. Mto wa kwao unaitwa Guisit. Ndani ya mto huo kijana Teófilo alijifunza kuogelea. Hakukuwa na bwawa lenye mistari chini wala kocha mwenye saa mkononi. Kulikuwa na maji yanayokwenda, na mtoto anayejitahidi kwenda kinyume chake.

Baadaye wenzake walimpa jina la utani, Papa wa Ilocos. Ndugu zangu Wakatoliki msishtuke. Ni papa yule wa baharini, mwenye meno, si Baba Mtakatifu. Jina lilimkaa vizuri, kwa sababu kila alipoingia majini wengine walijua kuna kazi.

Alipokuwa kijana alijiunga na jeshi. Wamarekani walikuwa na vikosi vya askari wa Kifilipino vilivyoitwa Philippine Scouts, na yeye akawa askari wa Rejimenti ya 57, iliyokuwa na makao yake Fort McKinley, karibu na Manila. Tuelewe vizuri jambo hili. Siku zile mchezo wa kuogelea haukuwa ajira. Yldefonso hakuwa mwanamichezo aliyevaa sare siku za sherehe. Alikuwa askari wa kulipwa mshahara wa askari, mwenye zamu, gwaride na amri za wakubwa, ambaye pia aliogelea.

Mara mbili wa tatu

Mtindo wake ulikuwa ule ambao wengi wetu tungeuita wa chura. Mikono miwili inatoka kifuani kwa pamoja, inanyooka mbele, inafunguka pembeni na kurudi, huku miguu ikikunjwa na kupiga nyuma kama chura anavyofanya. Ni mtindo wa zamani na ni wa polepole kuliko mingine, na unadai pumzi na uvumilivu. Yldefonso alijulikana kwa kuogelea akiwa karibu sana na uso wa maji, si kwa kuzama chini yake, na kwa sababu hiyo wapo wanaomhesabu kuwa baba wa mtindo huo kama unavyoogelewa siku hizi.

Mashindano makubwa ya Asia wakati huo yaliitwa Michezo ya Mashariki ya Mbali, na washindani wakuu walikuwa Ufilipino, China na Japani. Yldefonso alishinda medali ya dhahabu huko Osaka mwaka 1923, akashinda tena Shanghai mwaka 1927, na tena Tokyo mwaka 1930. Zingatieni majina ya miji hiyo. Mara mbili kati ya tatu, Mfilipino huyu alipanda jukwaa la ushindi katika ardhi ya Japani.

Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Amsterdam, Uholanzi, kwenye Michezo ya Olimpiki. Nchi yake ilikuwa imeshiriki Olimpiki mara moja tu kabla ya hapo, mwaka 1924 kule Paris, ikiwa na mwanariadha mmoja pekee, mkimbiaji David Nepomuceno, aliyerudi bila medali. Katika fainali ya mita 200, Yoshiyuki Tsuruta wa Japani alitangulia kwa dakika 2 na sekunde 48.8. Erich Rademacher wa Ujerumani akawa wa pili. Yldefonso akamaliza wa tatu kwa dakika 2 na sekunde 56.4, akapata medali ya shaba. Alikuwa na umri wa miaka 25. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kupatikana na Mfilipino, na ya kwanza kwa eneo zima la Asia ya Kusini Mashariki.

Miaka minne ikapita. Mwaka 1932 michezo ilifanyika Los Angeles, Marekani, na askari wetu alirudi majini. Safari hii aliogelea kwa dakika 2 na sekunde 47.1. Yaani alikuwa amepunguza zaidi ya sekunde 9, na sekunde 9 katika mita 200 za maji ni safari ndefu. Muda huo ungetosha kumshinda hata bingwa wa mwaka 1928. Lakini mwaka ulikuwa 1932, na wenzake nao hawakulala. Tsuruta alishinda tena, Mjapani mwingine aitwaye Reizo Koike akawa wa pili, na Yldefonso akawa wa tatu, tena. Kati yake na dhahabu palikuwa na sekunde 1.7.

Mwaka 1936, akiwa na miaka 33, alikwenda Berlin. Alifika fainali, akamaliza wa saba. Mshindi alikuwa Mjapani kijana, Tetsuo Hamuro. Hapo Papa wa Ilocos akaacha Olimpiki, akaendelea na uaskari wake.

Medali zile mbili za shaba zilikaa peke yake kwa muda mrefu. Hakuna Mfilipino mwingine aliyepata medali mbili za Olimpiki mpaka mwaka 2021, mnyanyua vyuma Hidilyn Diaz alipopata dhahabu Tokyo, baada ya fedha aliyoipata mwaka 2016. Zilikuwa zimepita karibu miaka 90. Na katika kuogelea, hadi leo Ufilipino haijapata nyingine.

Pasaka ya mwaka 1942

Vita viliwafikia Wafilipino siku ya sikukuu. Tarehe 8 Desemba 1941 ilikuwa Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Watu wa Manila walikuwa wanakwenda Misa pale habari zilipofika kwamba Wajapani wamepiga Pearl Harbor, na siku hiyo hiyo mabomu yalianza kuanguka Ufilipino. Majeshi ya Marekani na ya Wafilipino yalirudi nyuma hadi rasi ya Bataan, upande wa pili wa ghuba ya Manila, yakajikusanya huko kusubiri msaada. Msaada haukuja. Januari mgawo wa chakula ulikatwa nusu, baadaye ukapunguzwa tena. Askari walikula farasi wa jeshi, nyani na mizizi. Malaria na kuhara viliwamaliza wengi kuliko risasi. Rejimenti ya 57 ilikuwa mstari wa mbele, na mwezi huo wa Januari ilipigana vita vikali sana huko Abucay.

Shambulio la mwisho la Wajapani lilianza tarehe 3 Aprili 1942. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Jumapili ya Pasaka, tarehe 5, mapigano yalikuwa yamepamba moto kwenye Mlima Samat. Alhamisi ndani ya Oktava ya Pasaka, tarehe 9, Bataan ikasalimu amri. Askari zaidi ya 70,000, sehemu kubwa wakiwa Wafilipino, wakawa mateka.

Yaliyofuata yanajulikana kama Msafara wa Kifo wa Bataan. Watu waliokuwa tayari wamedhoofika kwa njaa na homa walitembezwa kwa miguu karibu kilomita 100 hadi mji wa San Fernando, katika jua la Aprili, ambao huko ni mwezi wa joto kali. Aliyeanguka alipigwa au kuuawa. Kandokando ya barabara ile palikuwa na visima vya maji safi yanayobubujika, na mateka walipita wakiyaona, wakikatazwa kuyakaribia. Wengine walikimbilia, wakauawa hapo hapo. Wengine walikunywa maji machafu ya madimbwi ya nyati. Wanakijiji waliorusha konzi za wali na vipande vya miwa kwa wapitaji walihatarisha maisha yao. Huko San Fernando waliobaki walishindiliwa ndani ya mabehewa ya chuma yaliyofungwa, wamesimama, wengine wakifa wima, hadi kituo cha Capas. Kutoka hapo wakatembea tena hadi kambi ya O'Donnell.

Teófilo Yldefonso alikuwa miongoni mwao. Msafara ule aliumaliza akiwa hai. Mtu aliyejifunza maisha ndani ya mto, aliyesifiwa na mataifa kwa sababu ya maji, alipita katika njia ambayo maji yalikuwa kosa la kifo.

Kambi ndiyo iliyommaliza. O'Donnell ilikuwa imejengwa kwa watu wachache zaidi, ikasukumiwa makumi ya maelfu. Bomba za maji zilikuwa chache, foleni zake zilikuwa za siku nzima. Dawa hazikuwapo. Katika miezi michache walikufa humo Wafilipino zaidi ya 20,000. Maiti zilibebwa asubuhi kwa blanketi zilizofungwa kwenye miti, zikazikwa kwenye mashimo ya pamoja. Yldefonso alifariki humo tarehe 19 Juni 1942, akiwa na umri wa miaka 39. Baadaye mwaka huo Wajapani walianza kuwaachia mateka wa Kifilipino warudi makwao. Yeye hakufika siku hiyo, na mwili wake haukupatikana kamwe.

Hakuwa mwanamichezo pekee. Miguel White, aliyeipatia Ufilipino medali ya shaba Berlin mwaka 1936 katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi, naye alikufa katika vita hivyo mwaka huo huo wa 1942.

Leo, pale Capas, pamesimama mnara wa kumbukumbu wenye urefu wa mita 70, na miti mingi imepandwa kuuzunguka kwa ajili ya waliokufa. Juu ya Mlima Samat umejengwa msalaba wenye urefu wa zaidi ya mita 90. Tarehe 9 Aprili kila mwaka ni sikukuu ya taifa. Mwaka 2010 jina la Yldefonso liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya waogeleaji wa heshima huko Marekani, miaka 68 baada ya kifo chake.

Tunajifunza nini?

Wapendwa, kutoka maisha haya napenda tuchukue mambo matatu.

La kwanza ni juu ya nafasi ya tatu. Yakobo na Yohane walimwendea Yesu wakitaka kukaa mmoja kuume na mwingine kushoto kwake, na Bwana akawauliza kama wanaweza kukinywea kikombe chake (Mk 10:35-45). Sisi nasi tumewalea watoto wetu kwa shauku ile ya wana wa Zebedayo. Matokeo ya mitihani yanapotoka, wazazi huniletea wa kwanza nimwombee shukrani. Wa kumi na saba haletwi. Niliwahi kumkuta binti mmoja amejificha nyuma ya kanisa analia, kwa sababu alikuwa amepanda alama nyingi lakini nafasi yake darasani ikabaki ile ile, na nyumbani alijua kitakachoulizwa ni nafasi. Nilitamani wakati ule ningekuwa nazijua zile sekunde 9 za Yldefonso. Mtu anaweza kukua kwelikweli na nafasi isibadilike, kwa sababu nafasi inategemea pia wenzake. Mtume Paulo anazungumza juu ya kupiga mbio na kujinyima kama mwanamichezo (1Kor 9:24-27), na mwisho wa maisha yake anajivunia kuwa ameumaliza mwendo na kuilinda imani (2Tim 4:7). Hasemi alikuwa wa ngapi. Mbele ya Mungu tutaulizwa tulivyokua, na huyo Mungu anajua mto tulioanzia.

La pili ni juu ya adui. Yldefonso aliwajua Wajapani kabla ya vita. Aliwashinda kwao, wakamshinda ugenini. Alisimama nao ukingoni mwa bwawa moja, wakasubiri mlio mmoja wa bastola ya kuanzia. Miaka michache baadaye watoto wa mataifa hayo mawili walikutana na bastola za namna nyingine. Watu wale wale wanaoweza kushindana kwa heshima wanaweza kutendeana unyama, wakiachiwa chuki na amri mbaya. Hilo si la Wajapani peke yao. Sisi wa ukanda huu wa Maziwa Makuu tunajua majirani walivyoweza kugeukana.

Hapa nitamrudia bibi yangu. Nilipokuwa mdogo, shuleni kwetu alikuja mwalimu wa kujitolea, Mjapani, kijana mwembamba aliyefundisha hisabati. Watu wazima walisubiri kuona mjane wa Burma atafanya nini. Bibi alikaa kimya siku kadhaa. Kisha siku moja akanipa kikapu cha mayai nimpelekee mwalimu, akaagiza nisiseme yametoka kwa nani. Mwalimu alikuja mwenyewe jioni kushukuru, sijui nani alimwambia. Walikaa chini ya mwembe bila lugha ya kuelewana, wakinywa chai. Sitaki kusema kwamba uchungu wake uliisha siku ile. Kipande kile kitupu aliendelea kukifagia mpaka alipofariki. Lakini mtu anaweza kuendelea kufagia na bado akatoa mayai. Nadhani ndivyo msamaha ulivyo kwa wengi wetu: jeraha lingalipo, mkono umekwisha kunyooshwa.

La tatu, na ndilo swali la yule mama wa makaburini. Je, sala ya asiye na kaburi inajua pa kwenda?

Maandiko yanasimulia kuwa Musa, mtumishi mkuu wa Mungu, alikufa katika nchi ya Moabu, na hakuna mtu aliyejua kaburi lake lilipo (Kumb 34:5-6). Musa! Aliyelivusha taifa zima baharini hana jiwe la kuwekea shada. Lakini siku Yesu alipogeuka sura mlimani, aliyeonekana akizungumza naye ni nani kama si Musa yule yule? Waliokosa kujua alipo ni watu. Mungu hakumpoteza hata siku moja. Kwa kinywa cha nabii Isaya, Mungu anajilinganisha na mama asiyeweza kumsahau mtoto wa tumbo lake, na anasema juu ya kutuchora katika viganja vyake (Isa 49:15-16). Na viganja hivyo, sisi Wakristo tunajua, vina kovu la misumari.

Ndiyo maana Yuda Makabayo, alipowaona askari wake wamelala wafu, alikusanya mchango akaupeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao, kwa sababu aliamini watafufuka (2Mak 12:43-46). Sala ile ilitolewa Yerusalemu, mbali na uwanja wa vita. Sala haiendi kaburini, wapendwa. Inakwenda kwa Mungu, na marehemu wetu wako mikononi mwake. Kaburi ni zuri, linatusaidia sisi tulio hai kuwa na mahali pa kusimama na kulia. Ni haki kulitunza. Lakini halijawahi kuwa anwani ya roho ya mtu.

Na tusisahau kiu. Bwana wetu alikufa akiwa na kiu. Alisema pia kwamba kila mara mmoja wa hawa wadogo anaponyweshwa, ni yeye anayenyweshwa. Wale wanakijiji wa Bataan waliorusha wali na miwa barabarani hawakujua ni nani aliyedaka. Yawezekana hata mmoja wao hakujua kwamba katika safu ile ya mifupa inayotembea alikuwamo mtu aliyewapa heshima Amsterdam na Los Angeles. Walimwona mwenye kiu tu, na hilo liliwatosha. Wazee wetu husema tenda wema nenda zako. Wale walirusha wakakimbia, maana kusimama kungewaua.

Ombi langu kwenu

Jumapili ijayo, katika parokia nyingi, bado kutakuwa na kikapu mbele ya altare cha kuweka majina ya marehemu wa kuombewa mwezi huu. Huwa tunaandika majina ya wale tuliowazika. Safari hii naomba kila familia iongeze jina la yule ambaye haikumzika: aliyezama, aliyekwenda vitani, aliyepanda gari kwenda kutafuta maisha na habari zake zikakatika, mtoto aliyefariki hospitalini kabla hajapewa jina. Kama jina halijulikani, andikeni uhusiano wake nanyi tu. Mungu atasoma.

Na kama mnaye mzee anayefagia mahali patupu, msimwone amechanganyikiwa. Kaeni naye, mwulizeni habari za mtu huyo, watoto wasikie. Mimi sikumwuliza bibi kwa wakati. Mengi ninayoyajua juu ya babu niliyapata kwa watu wengine, baada ya yeye kufariki.

Yule mama wa makaburini nilimtumia ujumbe juzi, nikamwahidi kwamba leo, katika Misa ya pili, nitamtaja kaka yake kwa jina, pamoja na babu yangu, pamoja na Teófilo, askari na mwogeleaji wa Piddig.

Tuombe: Ee Mungu, uliyewavusha watu wako katika maji, wapokee wote waliokufa mbali na macho yetu. Uwape kuona uso wako, na utupe sisi moyo wa kuwakumbuka na mkono wa kumnywesha mwenye kiu aliye karibu nasi. Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.

Nawatakia Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo.